Kilema na Tendo Lake: Juu ya Hadithi za Picha Wasomazo Vijana

Lugha yetu ina desturi moja ambayo wanafunzi hufundishwa mapema na aghalabu huisahau mapema. Majina mengi ya watu waliopungukiwa na kiungo au na mojawapo ya hisi huanza kwa KI: kipofu, kiziwi, kiwete, kiguru, kibyongo, kilema. KI hiyo ndiyo ya kiti, kisu na kikapu. Mtu akiyatazama majina hayo peke yake aweza kudhani kwamba wazee wetu waliwaweka watu hawa katika fungu la vyombo. Lakini jina halikai peke yake. Hufuatwa na tendo, na katika tendo ndimo lugha inamotoa hukumu yake. Hatusemi "kipofu kimefika", bali twasema "kipofu amefika". Hatusemi "viziwi vinacheka", bali "viziwi wanacheka". Na neno kilema lenyewe lina pande mbili. Tukisema "kilema kimempata", twataja dhara. Tukisema "kilema amefika", twamtaja mtu. Silabi moja ndogo yatenga dhara na mwenye dhara. Anayethubutu kusema "kiwete kile kimekuja" hahitaji mfasiri. Kila asikiaye hujua kwamba ametukana.

Twaanza na sarufi kwa sababu swali tunalokusudia kulijadili ni swali la upatanisho. Ni hili: je, ni haki kuutumia mwili wa mtu kuwa alama ya jambo ambalo si lake? Swali hili laweza kuulizwa juu ya sanaa zote, lakini linaibana zaidi sanaa ya hadithi za picha. Mtunzi wa utenzi aweza kutueleza akili ya mtu, ukoo wake na shabaha yake kwa beti kumi kabla hajataja mguu wake. Mchoraji hana nafasi hiyo. Katika hadithi ya picha umbo hutangulia neno. Kabla mhusika hajafungua kinywa, msomaji ameshaona jicho lililofumba, mgongo uliopinda au gongo lililo kwapani. Picha, kama jina, huanza kwa KI. Lililobaki ni kuuliza tendo litakalofuata: hadithi itampatanisha mtu huyu kwa A, ama itamwacha katika fungu la viti na vikapu?

Nchi yetu haikukosa hadithi za namna hii. Katika miaka ya 1960 na 1970 wasomaji wa gazeti la Uhuru walimjua sana Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Katika miaka ya 1980 gazeti la Sani liliwapa vijana kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi, wahusika waliotambuliwa kwa umbo lao hata kabla ya kusomwa maneno yao. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuziingiza shuleni hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha. Na leo kijana wa Kilwa Masoko au wa Lindi mjini aweza kusoma katika simu hadithi zilizochorwa Marekani, Ufaransa na Japani. Sanaa hii si ya kudharauliwa. Mara nyingi ndiyo masomo ya kwanza ambayo mtoto huyafuata pasipo kulazimishwa, na lisomwalo kwa hiari huingia ndani kuliko lisomwalo kwa kiboko.

Tukichunguza jinsi kilema anavyoingizwa katika hadithi hizi, za kwetu na za kigeni, twakuta kwamba aghalabu ametumwa kufanya kazi ya mtu mwingine. Kazi hizo ni nne: kazi ya adhabu, kazi ya onyo, kazi ya sadaka na kazi ya muujiza. Wala tusiwalaumu wachoraji peke yao, maana walizikuta kazi hizo vinywani mwetu na vitabuni mwetu kabla hawajashika kalamu.

Kazi ya kwanza ni ya adhabu. Methali yasema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii ni njema ikisemwa kwa mtoto anayeng'ang'ania kupanda tawi bovu la mwembe. Lakini mchoraji akiichukua kama ilivyo, humchora mtoto mtukutu katika ukurasa wa kwanza, na katika ukurasa wa mwisho humchora amejiegemeza juu ya gongo. Hadithi imekwisha na funzo limepatikana. Aliyesahauliwa ni mtoto mwingine aliyeketi dawati la nyuma, ambaye alizaliwa na mguu uliopinda na hakupata kukaidi neno la mkuu yeyote. Yeye asomapo picha ile, ajifunze nini juu ya nafsi yake? Na wenzake wakigeuka kumtazama, waone nini isipokuwa hatia iliyovaa mguu?

Madhara ya fikra hii hayaishii katika kicheko. Katika riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za sekondari, mtoto mwenye ualbino amepewa jina ambalo maana yake ni "tumefanya nini?" Ndilo swali la mzazi aliyefundishwa kwamba mwili wa mtoto wake ni hukumu. Huko ni katika riwaya. Katika nchi yetu yenyewe walikuwako watu walioambiana, kizazi hata kizazi, kwamba zeruzeru hafi bali hutoweka, maana yake kwamba si mtu kamili. Wengi waliolisema neno hilo hawakumdhuru mtu yeyote maisha yao yote. Walilisema kama hadithi. Lakini kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakatokea wauaji walioamini kwamba viungo vya watu hao huleta utajiri, wakawawinda wake kwa waume, hata watoto wachanga. Panga lilishikwa na wachache, lakini hadithi iliyomtoa jirani katika fungu la watu ilikuwa imeshikwa na wengi. Kwa hiyo asemaye kwamba mambo haya ni picha tu, hajapima uzito wa picha.

Kazi ya pili ni ya onyo. Hapa twaikuta methali ambayo sote twaiheshimu: Hujafa hujaumbika. Imezuia vicheko vingi na kuwafunga midomo mafidhuli wengi. Walakini yatupasa kuipima. Yatutaka tusimcheke kilema kwa kuwa kesho twaweza kuwa kama yeye. Basi heshima hiyo ni ya nani? Si yake, ni heshima tunayojiwekea akiba sisi wenyewe. Na kama mtu angehakikishiwa kwamba hatapatwa na ajali wala maradhi mpaka siku ya kufa kwake, je, angekuwa na ruhusa ya kucheka? Adabu iliyojengwa juu ya hofu huanguka hofu inapoondoka. Methali hii ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini si nyumba ya kukaa.

Mfano wa kazi hii tunao karibu. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, kama katika sehemu kubwa ya pwani yetu, matende na mabusha yamekuwako kwa vizazi vingi. Wazee wengine waliyasingizia madafu, wengine uchawi. Leo twajua kwamba chanzo chake ni minyoo midogo mno inayobebwa na mbu, kwamba dawa za kinga hutolewa bure katika vijiji, na kwamba busha huondolewa kwa upasuaji. Elimu hiyo imefikishwa kwa watu kwa mabango yenye michoro, nayo ni kazi njema isiyo na kifani. Lakini mara nyingi bango humwonyesha msomaji mguu uliovimba kuanzia gotini kushuka chini, na kichwa hakimo. Mguu umetengwa na mwenyewe. Hatujui kama ni wa mvuvi au wa mshona mikeka, kama ana wajukuu, kama amecheka asubuhi ile. Bango la afya lina udhuru, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha ugonjwa na tiba. Hadithi haina udhuru huo. Hadithi inayomwonyesha mtu mwenye matende ili tu wengine watishike au wachekelee, imeuchora mguu na kumwacha mtu nje ya ukurasa.

Kazi ya tatu ni ya sadaka, na hapa Kilwa yenyewe ni shahidi wa kale. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ajili ya wingi wa vipawa vyake. Msafiri huyo ameeleza kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mwana wa Sultani akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Habari hii husimuliwa kwa fahari, nayo yastahili kusimuliwa. Fakiri yule hatuambiwi kwamba alikuwa kilema. Lakini tutazame umbo la hadithi. Mtoaji ana jina, ana cheo, ana sifa iliyodumu karibu miaka 700. Mpokeaji hana jina. Aliingia katika hadithi ili ukarimu wa mwingine uonekane, na alipokwisha kupokea akatoka. Na wale watumwa ishirini ni watu pia, ila katika hadithi wamehesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Hivi ndivyo sadaka iwezavyo kuwa njema kwa mkono na kuwa pungufu kwa jicho. Hadithi nyingi za picha zinazotaka kuwafundisha watoto huruma zimejengwa kwa umbo hilo hilo. Kipofu ameketi mlangoni mwa msikiti au kanisa. Mtoto mwema ampa sarafu. Mtoto mwema asifiwa. Ukurasa unaofuata kipofu hayumo, wala hakuna msomaji anayemwulizia. Mtoto amefundishwa kutoa, lakini hakufundishwa kuuliza jina.

Kazi ya nne ni ya muujiza, nayo imetujia zaidi kutoka ng'ambo, ingawa ngano zetu nazo zinazo sehemu yake. Ina njia mbili. Njia moja ni kumponya kilema mwishoni, ili mponyaji atukuzwe au subira yake ilipwe; kana kwamba hadithi haiwezi kuwa na mwisho mwema mpaka mwili unyoshwe. Njia nyingine ni kumpa nguvu zisizo za kibinadamu. Wamarekani walimchora mwaka 1963 Profesa X, aketiye katika kiti cha magurudumu na kusoma mawazo ya watu, na mwaka 1964 wakamchora Daredevil, wakili kipofu ambaye hisi zake nyingine zina ukali wa ajabu hata aweza kupigana na majambazi juu ya mapaa. Hatuwabezi wahusika hawa. Walimwonyesha kijana kwamba aliye kipofu aweza kuwa shujaa na si mwombaji tu. Lakini ndani ya zawadi hiyo mna bei iliyofichwa: kilema apewe heshima kwa sharti kwamba awe zaidi ya binadamu. Na yule asiyesikia mapigo ya moyo wa adui kupitia ukutani, anayetaka tu kwenda sokoni na kurudi, je, yeye heshima yake iko wapi?

Msomaji aweza kutuuliza: kama haya yote manne yana dosari, mchoraji afanye nini? Jibu letu ni fupi, nalo twaamini kwamba latosha. Mchoraji ampe kilema haja yake mwenyewe. Amwulize: unatoka wapi, unakwenda wapi, unataka nini? Mtu ni mwenye haja. Kiti hakina haja ya kwenda popote, huchukuliwa. Adhabu, onyo, sadaka na muujiza vyote vina jambo moja linalofanana: vyampa kilema maana kwa ajili ya wengine na vyamnyima haja kwa ajili ya nafsi yake.

Jibu hili si geni katika pwani yetu. Kila aliyepitia chuoni ameisikia habari ya Ibn Umm Maktum, sahaba aliyekuwa kipofu. Alimjia Mtume wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na zikashuka aya za Sura Abasa kufundisha kwamba aliyekuja kwa bidii kutafuta ukumbusho asigeuziwe uso. Wengi huisimulia habari hii kama somo la huruma. Lakini huyu hakuja kuomba huruma, wala hakuja kuomba sarafu, wala hakuja kuomba macho. Alikuja kuomba elimu. Alikuwa na haja yake, na haja hiyo ndiyo iliyopewa uzito kuliko vyeo vya wakubwa. Baadaye alikuwa mwadhini Madina pamoja na Bilali. Mtu aliyekuja kuuliza akawa mtu wa kuwaita wengine.

Tuchukue na mfano wa kitabu cha hadithi. Kisiwa chenye Hazina, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1883, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson katika zama za ukoloni, na pengine duniani imechorwa mara nyingi kuwa hadithi ya picha. Humo mna vilema watatu, na wote ni waovu: Black Dog aliyepungukiwa vidole viwili, Pew aliye kipofu, na John Silver mwenye mguu mmoja. Kwa hesabu hiyo kitabu chastahili lawama. Lakini msomaji makini huona tofauti kubwa kati ya Pew na Silver. Pew ni fimbo igongayo barabara usiku. Ametumwa kutisha, akatisha, akafa chini ya kwato za farasi. Silver ni mtu. Ana hoteli, ana mke, ana fedha benki, ana shauri alilolificha moyoni, ana ulimi utamu na ujasiri. Mvulana Jim alikuwa ameonywa ajihadhari na baharia mwenye mguu mmoja, akamwota usiku kwa maumbo ya kutisha. Lakini alipokutana na Silver mwenyewe akamwona mchangamfu na msafi, akampenda. Uovu wa Silver watoka katika nia yake, si katika mguu wake. Na Stevenson mwenyewe alikiri kwamba nguvu za Silver alizipata kwa kumtazama rafiki yake, mshairi W. E. Henley, aliyekatwa mguu. Kwa hiyo hatudai kilema achorwe mwema daima. Malaika wa karatasi naye ni chombo. Twadai awe na nia, na nia ikiwa mbaya, iwe mbaya kwa hesabu yake.

Kutoka zama zetu, Cece Bell wa Marekani alichora mwaka 2014 hadithi ya utoto wake iitwayo El Deafo. Alipoteza kusikia akiwa na umri wa miaka minne kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Katika kitabu hicho watu wote wamechorwa kama sungura, na betri ya kifaa chake cha kusikilizia inapokwisha, maneno ndani ya viputo hufifia mpaka viputo vikabaki vitupu. Msomaji anayesikia vizuri kabisa hujikuta naye hasikii. Hapo sanaa ya picha imefanya ambalo maelezo matupu hayawezi. Lakini kinachomvuta msomaji kutoka ukurasa hadi ukurasa si masikio ya mtoto yule; ni haja yake, nayo ni haja ya kila mtoto: anataka rafiki wa kweli.

Yatupasa sasa kujibu pingamizi tatu.

Pingamizi la kwanza lasema kwamba katuni huishi kwa kutia chumvi. Pua hurefushwa, tumbo hujazwa, miguu hufanywa njiti. Ukimkataza mchoraji kupotoa maungo umemnyang'anya kalamu. Watu wa kusini watasema pia: sisi tuna utani, na katika utani mwili wa mtu hausalimiki. Ni kweli. Wamwera, Wangindo, Wamatumbi, Wayao na Wamakonde wana watani wao, na mtani huweza kumwita mtani wake kwa jina la kilema chake hata msibani, pasiwe na ugomvi. Lakini utani una sheria. Mtani hujibiwa. Anayetupa neno hujua kwamba neno litarudi, na kicheko huzunguka mpaka kikamfikia kila mmoja. Picha iliyochapwa haijibiki. Mtoto anayechekwa kwa ajili ya ukurasa wa kitabu hana wa kumrudishia. Utani usio na majibu si utani tena. Ni kejeli iliyoazima nguo za utani.

Na tena pana namna ya kupotoa maungo isiyomdhalilisha mtu. Mwalimu wetu katika jambo hili ni mwana wa pwani hii, George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu, mkoani Lindi, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970, na kufariki mwaka 2005. Picha zake zimejaa viumbe wa Kimakonde wenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo, miguu ya ajabu na vidole vichache. Watoto huzipenda kama wapendavyo katuni. Viumbe hao wanateta, wanacheza ngoma, wanabebana, wanapika. Hakuna hata mmoja mwenye mwili wa kawaida, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja aliye kilema. Umbo lisilolingana limekuwa mali ya wote, na kila mmoja yu katika shughuli yake. Katika miaka ya mwisho ugonjwa wa kisukari ulimfanya Lilanga mwenyewe akatwe miguu, naye hakuacha kuchora. Kutia chumvi, basi, si kosa. Kosa ni kumtilia mmoja chumvi ili wengine wote waonekane wamenyoka.

Pingamizi la pili lasema: ikiwa jambo lina hatari kiasi hiki, afadhali vilema wasichorwe kabisa. Hili ndilo shauri baya kuliko yote, ingawa lina sauti ya upole. Katika miji na vijiji vyetu wamekuwako watoto waliofichwa vyumba vya ndani, mgeni akibisha hodi mlango ukarudishwa. Wazazi wao hawakuwa wakatili wote. Wengine waliona aibu, wengine waliogopa. Kitabu kisicho na kilema hata mmoja katika kurasa mia ni nyumba ya namna hiyo: ina sebule iliyofagiwa na chumba kilichofungwa. Nchi hii imetumia jasho kuifungua milango hiyo. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Watoto waliotolewa vyumbani kwenda shuleni wasirudishwe gizani na vitabu vyenyewe wanavyofundishiwa.

Pingamizi la tatu lasema kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa majina yamebadilika. Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino. Mabadiliko haya twayaunga mkono, maana yameleta neno mtu mbele, mahali lilipostahili kuwa. Ikiwa katika insha hii tumelitumia neno la zamani, ni kwa sababu ndilo lililomo katika methali na hadithi tunazozipima. Lakini jina jema halimalizi kazi. Wahenga walisema: Ukipenda, chongo huita kengeza. Mapenzi hubadili jina, na jicho hubaki vile vile. Mchoraji aweza kuandika chini ya picha "mtu asiyeona" kwa herufi nzuri, kisha akamketisha mlangoni na bakuli, asimpe neno la kusema mpaka mwisho wa kitabu. Hapo ameandika A kwa wino na kuchora KI kwa rangi.

Haya yote yanamhusu mwalimu na mwanafunzi kwa namna iliyo wazi. Mwalimu hawezi kungoja mpaka vitabu vyote viwe vyema. Atafundisha kwa vile vilivyopo kabatini. Lakini aweza kulifundisha darasa kusoma picha kwa maswali. Mtu huyu anaitwa nani? Anataka nini? Je, amesema neno lolote, na kwa nani? Kama tungemwondolea gongo lake, je, angebaki na kazi yoyote katika hadithi? Na kama tungempa gongo hilo mhusika mwingine, mfanyabiashara au nahodha wa jahazi, je, hadithi ingevunjika? Maswali haya hayahitaji vifaa wala fedha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ayaweza, na akiisha kuyazoea atayapeleka nje ya kitabu. Atayauliza juu ya bango la ukutani, juu ya mchezo wa kuigiza, juu ya mtu aketiye gatini Kilwa Kivinje.

Na kwa kijana anayejifunza kuchora, ambaye huenda yuko hata sasa katika shule fulani ya pwani hii akijaza pembezo za daftari lake, neno letu ni hili. Chora mguu uliopinda, wala usiuonee haya, ndivyo ulivyo. Chora jicho lililofumba, chora gongo na mkono mfupi. Kisha usiweke kalamu chini. Mchore mwenye mguu huo akishuka ngazi za chombo akiwa na kapu la samaki, akikasirishwa na bei, akimtania mwuzaji, akiwahi kurudi kabla ya mvua. Jina laweza kuanza kwa KI. Tendo lianze kwa A.